Jina Lisilobandikwa Ijumaa

Marston, Pennsylvania
Jumanne, Machi 1921

Kwako Dada yangu mpenzi Fruma,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani, ambako theluji imeshakuwa nyeusi kwa vumbi la makaa na bado haitaki kuyeyuka. Mimi sijambo, ila kikohozi kidogo cha asubuhi. Natumaini nanyi hamjambo, wewe, shemeji na watoto, na magoti ya Baba pia. Bado anapanda ngazi za sinagogi bila kushika ukingo ili watu wasimwone mzee? Mwambie nasali sala zangu zote na sijala kitu cha mwiko, isipokuwa supu moja ambayo sikuuliza ilikuwa na nini.

Lakini barua yenyewe usimsomee. Najua huwa unamsomea zangu jikoni huku unakata vitunguu, na ukiruka mstari anakukamata. Basi ichukue uende nayo kwa jirani, sema unakwenda kuazima sufuria. Najua pia kwamba macho yako yameshaanza kukimbia chini kutafuta jina la Leibel. Usikimbie, dada yangu. Nimempata ndugu yetu. Twende polepole tu, maana mkono wangu wenyewe hautaki kuandika.

Unaikumbuka ile jioni ya vuli, Leibel alipotangaza mezani kwamba kuna timu ya mpira wa kikapu huku juu inamtaka, ila mechi zake kubwa ni Ijumaa usiku. Baba hakupiga kelele, na hapo ndipo tulipojua kwamba mambo yameharibika. Alisema jina letu la Shmukler halitabandikwa ukutani kwenye bango la mechi usiku wa Sabato yeye akiwa hai. Leibel akaweka kijiko chini akajibu kwamba sawa Baba, halitabandikwa. Sote tukashusha pumzi. Wewe hata ulimwongezea supu! Wiki iliyofuata akaaga kwamba anakwenda milimani kuuza vitambaa, na kadi zake zikawa zinakuja, kila moja na muhuri wa mji mwingine, mpaka mwanzoni mwa Januari. Baada ya hapo kimya. Tangu siku hizo Baba hamtaji. Akisema wanangu, anamaanisha wewe na mimi. Wewe ulishikilia kwamba ameoa msichana wa Kikatoliki, mimi nikashikilia kwamba yuko California anakula machungwa, na tulibishana sana ili tusije tukasema lile jingine.

Ndiyo sababu niliposikia Marston wanatafuta mchezaji, nilikuja mbio. Nilijiambia kwamba timu hupita kila mji wa makaa, na katika mmojawapo lazima kuna mtu aliyenunua kitambaa kwa kijana wa Shmukler.

Msimu wetu, kwa kweli, umekuwa wa aibu. Tumefungwa na kila mwenye miguu. Tunacheza ndani ya kizimba cha waya kama kuku wa sokoni, mpira hautoki na sisi hatutoki, na ukisukumwa ubavuni unarudi nyumbani na miraba mgongoni. Akina mama wanapenyeza pini za kofia kwenye matundu ya waya na kukuchoma paja unapotaka kurusha. Mmoja alinichoma mpaka nikapiga yowe, halafu mechi ilipokwisha na bendi ikaanza dansi, akaja akitabasamu kuniomba nicheze naye. Nilicheza, nikichechemea. Kocha wetu, Bwana Pruett, ameshajua kwamba kila Ijumaa naumwa tumbo. Huniuliza tu tumbo linasemaje, nami humjibu kwamba litaanza jua likizama. Sasa timu nzima wananiita Tumbo, na nimekubali.

Kila mji nilioshuka niliuliza habari za muuza vitambaa aitwaye Shmukler. Niliuliza madukani, niliuliza kwa Wayahudi wenzetu pale walipokuwepo, nikawauliza na wachezaji. Timu ya mji wa Kilmara walipokuja kucheza kwetu nilimuuliza kapteni wao, Cormac Tierney, Muairishi mkubwa mwenye pua iliyovunjika mara nyingi. Alinitazama kuanzia juu hadi chini, akauliza kama Shmukler si mimi mwenyewe, au nimejipoteza nikasahau. Wenzake wakacheka na mimi nikacheka. Yule bwana hakunificha kitu, Fruma. Alinijibu kwa alichokijua.

Jumamosi iliyopita, Sabato ilipokwisha, ikawa zamu yetu kwenda Kilmara. Ukumbi ulijaa pomoni, wachimbaji tu, nyuso zimeoshwa lakini macho bado yana wanja wa makaa. Huku kila timu ina mtu mmoja wa kurusha mirusho yote ya adhabu, hata kama aliyechezewa faulo ni mwingine. Wa kwao ni kijana mnene, Brannigan. Tulipocheza faulo ya kwanza akasogea mstarini, akainama, akarusha kwa mikono miwili kutoka magotini, mpira ukaingia. Ukumbi mzima ukapaza sauti moja, nish-ains! Tukacheza faulo nyingine, akafunga, wakaitikia nish-tsvei! Na ya tatu, nish-drai!

Dada, yule alikuwa marehemu Mama na Kiyidi chake. Alikuwa Mama akituhesabu gatini tuliposhuka melini, akituhesabu kitandani, akihesabu hata mayai: siyo mmoja, siyo wawili, siyo watatu, ili jicho baya lisijue idadi yetu. Na sasa hesabu yake inapigwa na Waairishi mia kadhaa wenye bia mkononi! Nilisimama katikati ya kizimba, mpira ukanipita sikioni. Pruett akanipigia kelele kuuliza kama leo imekuwa Ijumaa.

Sijui tulifungwa ngapi. Dansi ilipoanza nilimfuata Tierney, nikamuuliza ule wimbo wao wameutoa wapi. Akavua kofia. Alisema si wimbo, ni maneno ya Danny Gavin, mrushaji wao, ambaye hawatapata tena mfano wake. Danny alikuwa akiyanong'ona kila akifunga. Watu walidhani ni Kiairishi cha bibi yake. Mjerumani mmoja wa mgodini alisema hicho ni Kijerumani kibovu, wakamwambia anyamaze asimharibie mtu lugha ya bibi yake. Sasa wanayasema wao ili yasipotee. Nikauliza kwa nini yapotee, Danny yuko wapi.

Tierney alinishika bega akanipeleka mlangoni, kwenye bango la Ijumaa moja ya Desemba ambalo wamekataa kulibandua. Timu nzima imepigwa picha. Wa pili kutoka kushoto, nywele zimelowekwa maji na bado zimesimama, ni Leibel wetu. Chini yake wameandika Danny Gavin.

Hapo ndipo nilipolielewa jibu lake la mezani. Halitabandikwa. Sisi tulisikia kwamba hatacheza, naye alikuwa akimwahidi Baba neno lile lile alilotamka, bila kupunguza wala kuongeza. Jina la Shmukler halikupanda ukutani hata Ijumaa moja. Alitii, mpumbavu yule, alitii mpaka hakuna aliyeweza kutuletea habari.

Ndugu yetu amefariki, Fruma. Kaa chini kama umesimama. Januari, wiki ile ile ya kadi ya mwisho, alisukumwa kwenye waya, na ncha moja yenye kutu ikamchana mkono karibu na kiwiko. Akafunga leso akaendelea, hata dansi alicheza. Baada ya siku chache mkono ukavimba hadi begani na damu ikaingia sumu. Walimlaza hospitali ya wachimbaji, na walifanya yote waliyoweza kufanya. Alikuwa amewaambia hana ndugu, kwa hiyo wakawa ndugu zake. Walimzika kwenye makaburi ya kanisa lao, na mji mzima ulimsindikiza.

Jumapili asubuhi Tierney alinipeleka. Ni mahali pa juu, pasafi kuliko mji. Pana msalaba wa mbao wenye jina la mtu ambaye hakupata kuzaliwa. Nilipomweleza Tierney sisi ni nani, alisema kama angejua asingemwekea ule. Alisema msalaba wataung'oa leo tukitaka, na tukitaka kumhamisha watachimba wenyewe kwa mikono yao, maana kuchimba ndiyo kazi yao. Nilimwambia asubiri. Neno la jina hilo ni la Baba, si langu.

Kutoka pale nikapanda treni hadi mji mkubwa wa jirani, nikamtafuta rabi, nikamuuliza habari za matanga. Nilitaka kujua kama siku saba za kukaa chini tuzianze leo au nikishafika. Mzee yule akaniuliza alifariki lini, nikamwambia. Akashusha miwani. Habari ya kifo ikikufikia mwezi umeshapita, alisema, hakuna siku saba. Baba hukaa chini saa moja, basi, halafu ainuke. Saa moja, Fruma! Kwa Leibel! Jirani yetu Gitl alikaa wiki nzima kwa mjomba aliyemchukia. Nilimfokea mzee wa watu kana kwamba sheria ameitunga yeye. Hakukasirika. Alinivutia kigoda kifupi, akaniambia nivue viatu na nikae saa yangu palepale, yeye atakaa nami. Nikakaa. Nililia kama mtoto.

Sasa nakuomba, usimwambie Baba neno lolote mpaka nifike. Nitashuka Alhamisi mchana. Nataka saa yake aikae nikiwa kando yake, kwa sababu liko jambo moja ambalo lazima alisikie ndani ya saa hiyo, na wewe ulisikie sasa, ingawa nimelikwepa ukurasa mzima.

Siku mbili za mwisho homa ilimpandia Leibel, Kiingereza kikamtoka. Akawa anaita tate, tate, vile tulivyokuwa tukimwita Baba tulipokuwa wadogo. Lakini Kilmara nani anajua neno hilo? Walidhani anamwita mtu kwa jina. Wakaulizana mtaa kwa mtaa mpaka wakakumbuka kwamba yuko Bwana Tate, mzee mjane anayetunza nyumbu wa mgodini. Wakamfuata zizini. Hakumjua Leibel ila kwa kumwona kizimbani, lakini hakuuliza anaitiwa nini. Alikwenda na nguo zake za kazi zinazonuka nyumbu, akaketi kitandani, akamshika ule mkono mzima. Kila Leibel alipoita, yeye akamwitikia, nipo, mwanangu, nipo hapa. Tierney anasema baada ya hapo hakuhangaika tena, na alifariki ameshikilia vidole vya mzee yule.

Nilikwenda kumshukuru. Alikuwa anachana nyumbu manyoya, akasikiliza mpaka nikamaliza kumwambia neno lile maana yake nini. Brashi ikamponyoka. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, kama alikosea kuitikia mahali pa mwingine. Nikambusu mkono.

Basi hilo ndilo nitakalomwambia Baba. Asidhani mwanawe alikwenda akiwa na kinyongo naye. Mwisho wa yote aliyasahau majina yote mawili, lake la kwetu na lile la bango, lakini la Baba halikumtoka, na aliliita mpaka akaitikiwa.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na umpe Gitl habari zangu njema tu. Jifute uso kabla hujarudi jikoni.

Mdogo wako akupendaye,
Heshel