Kona za Kushoto

Alhamisi, 3 Januari 2008
Mazoezi saa kumi na mbili na nusu, kama kawaida, ila ndani ya ua. Tangu matokeo ya uchaguzi, barabara ya mjini imefungwa kwa mawe na magogo. Nimemkataza Naomi, mwanariadha wangu, kutoka nje ya geti. Chuo chake cha Kesses hakijafunguliwa, kwa hivyo anakaa kwetu Kapseret. Marathoni yake ni Aprili. Anazunguka zizi, mizunguko arobaini. "Mwalimu, hata ng'ombe wameacha kunishangaa." Moshi upande wa mji. Naogopa.

Jumatano, 9 Januari
Mizunguko sitini. Jioni vitabu vya hisabati. Namsisitizia: miguu huchoka mapema kuliko kichwa, amalize ualimu.

Jumatatu, 14 Januari
Anaficha kitu. Anashuka ngazi za jikoni akiuegemea mguu wa kulia.

Jumanne, 15 Januari
Nimebonyeza muundi wake wa kushoto kwa kidole gumba. Mahali pamoja, upana wa sarafu, akaruka. Maumivu yaliyotandaa huwa ya misuli. Yanayokaa mahali pamoja ni ya mfupa. Mimi ndiye niliyemfundisha hilo. Analijua, ndiyo maana alinyamaza.
Meneja wake alipiga simu akitaka jibu kuhusu Aprili kufikia Ijumaa. Naomi akamwambia yuko sawa, mbele yangu. Nimekasirika sana.

Jumatano, 16 Januari
Nimeufuata mzunguko wake polepole. Kwenye kila kona udongo umesukumwa upande mmoja. Wiki mbili anakata kushoto tu, kama uwanjani, lakini kona za hapa ni fupi na kali. Mguu wa ndani ndio unaoumia. Wanariadha hukimbia hivyo bila kufikiri. Kufikiri ni kazi yangu. Nilihofia mapanga, nikasahau kona. Sikumwambia abadilishe upande.
Kosa ni langu.

Alhamisi, 17 Januari
Nimemwambia. Akasema: "Nilidhani maumivu ni adhabu. Majirani wamekimbilia kituo cha polisi, mimi nazunguka ng'ombe."

Ijumaa, 18 Januari
Hospitali. Vizuizi vitatu. Kwenye cha pili vijana waliinamia dirisha la gari, mmoja na rungu. "Mzee, huyu unampeleka wapi?" Mwenzake akamtambua. "Si ni yule wa mbio? Wapite. Lakini dada, usituangushe Aprili!" Wakacheka.
Picha inaonyesha ufa mwembamba kama unywele. Naomi akauliza, na akikimbia? Daktari: utavunjika.
Kwenye korido Naomi alimpigia meneja simu mwenyewe. "Sikimbii Aprili." Akakata. Ndipo akalia.

Jumapili, 13 Aprili
Wenzake wanakimbia leo. Redio tumeizima. Chuo kimefunguliwa, kesho ana mtihani Kesses. Nyasi zimerudi karibu kote uani.
Asubuhi alikimbia taratibu, mizunguko minne. Nilitazama kutoka mlangoni. Alianza kushoto. Akasimama. Akageuka, akaenda upande wa kulia.