Maneno Yaliyopitia Kwangu Ndani ya Boti

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Garissa. Tarehe 17 Juni 2025.

Jina: Sabirin Ugas Salad. Umri: miaka 34. Kazi: mwalimu wa shule ya msingi. Makazi: Iftin, mjini Garissa.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Abdikarim Mursal, aliye katika seli hapa kituoni tangu juzi, ni mume wangu. Anatuhumiwa kwamba hakuwaonya abiria wake, na mtu akafa maji.

Mnamo Jumapili tarehe 15 Juni, mwendo wa saa tatu asubuhi, tuliondoka shambani kwetu kando ya Mto Tana kwa boti yetu ya injini. Kazi yake ni kuvusha ndizi, lakini siku hiyo yalikuwa matembezi tu. Mama mdogo, Muslimo, alikuja kutoka Wajir kwa Idd na alitaka kuutazama mto mpaka auchoke. Tulikuwa wanne: mume wangu nyuma kwenye injini, mimi katikati, mama yangu Rukiyo na mdogo wake Muslimo mbele.

Afande ameniuliza kwa nini mama aliandikisha hapa kwamba Abdikarim hakumwambia neno lolote. Mama hakusema uongo. Kwa desturi ya kwao, mkwe wa kiume hamsemeshi mama mkwe wala hamtazami usoni. Mjini wengi wameshaacha, mama hajaacha. Tangu nimeolewa maneno yao yote hupitia kwangu, hata habari ya chumvi. Yananichosha, lakini ndivyo tunavyoishi.

Kabla hatujaondoka Abdikarim aliniambia wavae majaketi ya kuokoa maisha na mtu asisimame. Nilimfikishia mama. Akasema jaketi halivaliki juu ya jilbabu, akalikalia. Muslimo naye akalikalia lake, wakacheka.

Tulishuka na mto kwa furaha. Muslimo alitumbukiza mkono majini, akasema maji haya yote yangekuwa Wajir, hakuna ambaye angegombania kisima.

Mwendo wa saa tano, kwenye kona, tulikuta ngamia wakinywa ukingoni. Mama na Muslimo wamekua wakichunga ngamia, basi wakaanza kubishana ni wa nani. Mama alitaka kuiona alama ya moto shingoni, akaniagiza nimwambie mume wangu asogee. Abdikarim akasema, "Pale chini pana visiki. Nitasogea polepole, lakini mwambie wasiinuke."

Nilimwambia mama kwa sauti. Alipunga mkono bila kugeuka, kama anayefukuza nzi. Kisha akasimama. Muslimo naye akasimama, akamshika bega. Boti iligonga kisiki ikalala upande, mama akaangukia ndani, Muslimo akaangukia majini.

Abdikarim alijitupa mtoni papo hapo. Alipiga mbizi mpaka akaishiwa nguvu, wachungaji wakamvuta ukingoni. Muslimo alipatikana alasiri, akazikwa kabla ya magharibi. Nilimpenda sana.

Mume wangu amewaambia kosa ni lake. Jana nilimpelekea chakula, nikamsihi aeleze yote. Akajibu kwamba mama amefiwa na ndugu yake, hatamtaja mbele ya polisi. Mama naye hajanisemesha tangu mazishini. Leo amenifuata mpaka hapa, amekaa nje kwenye benchi. Naogopa hatanisamehe. Hata hivyo, mume wangu alionya mara mbili, na maonyo yote mawili yalitoka kinywani mwangu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe. Nimesomewa, nimeridhika nayo.

Sahihi: Sabirin U. Salad

Maelezo ya afisa: Yamechukuliwa nami, Konstebo Jonathan Mwakio, kwa Kiswahili, shahidi akiwa na akili timamu. Baada ya sahihi, mama yake aliingia bila kuitwa. Nilimpa kiti, hakukaa. Aliomba mshukiwa aletwe. Mshukiwa alisimama mlangoni akitazama sakafu. Mama alitazama dirisha. Alisema maneno machache ya Kisomali kwa binti yake. Shahidi alilia kwanza, kisha akatufikishia, mshukiwa na mimi: "Mwambie nilisikia. Mara zote mbili nilisikia."

Nimeanza kuchukua maelezo mapya ya Rukiyo. Binti yake anatafsiri.