Kule Hakuna Kitu

Harper, Jumapili

Mpwa wangu Nyema,

Nimeisoma ripoti yako ya mafuta, kurasa zote mia mbili. Haya, naongopa: nimetazama picha, na Mwalimu Sieh akanisomea ukurasa mmoja. Huo mmoja umetosha kunipandisha hasira.

Mama yako hajambo. Mawese mwaka huu ni tele.

Umeandika kuwa chini ya bahari yetu kuna mchanga na matope yaliyolaliana miaka milioni mia, huenda yameficha mafuta, ila vimechimbwa visima vichache tu. Sawa. Umri wa mawe unaujua, wangu huujui. Kisha ukaandika: "Kwenye mwamba wa kusini hakuna uvuvi. Wazee wamethibitisha."

Wazee gani, we punguani? Wageni wako wa utafiti waliniuliza, "Mwambani kuna nini?" Nikawajibu, "Kule hakuna kitu." Mvuvi gani wa hapa hutaja penye samaki? Hata Wafanti, wale wavuvi wageni, wakituuliza, si tunawajibu hivyo hivyo? Nawe umekulia mtumbwini mwangu! Unajua tukisema hakuna kitu, samaki wamejaa hadi wanapigana vikumbo.

Sasa meli ya kuchimba inakuja, na mitumbwi imekatazwa kule mwaka mzima. Tule mawe yako?

Siku ile wimbi lilipokubeba, nani alikuvuta kwa sikio? Hujanishukuru mpaka leo. Basi nishukuru sasa: futa mstari ule, uandike kwamba mjomba wako alidanganya.

Mjomba wako,
Wesseh