Watoto Walioachwa na Heshima

Elia ndugu yangu,

Najua ungekuwa hai ungenicheka: mtu wa Ndalambo anamwandikia marehemu kana kwamba posta ya Tunduma inafika huko uliko. Cheka tu. Nimeyabeba maneno haya tangu tulipokuzika kwenu Ileje, na hapa ofisini sina wa kumwambia. Meza yako bado iko pale dirishani. Wameniambia niihamie, nami nasema nitahamia kesho.

Habari kubwa ni ya Petro na Eda, wale watoto wa marehemu Mnyiha wa Ihanda aliyekuwa akiuza chumvi hapa mpakani. Unakumbuka mama yao, Mbemba wa ng'ambo, alivyomfuata mumewe kaburini kabla hata matanga hayajasahaulika. Jirani akawaleta watoto kwetu. Bwana Mkubwa wa ofisi akauliza ndugu zao ni nani, akangoja, hakuna aliyejitokeza. Ikaandikwa kwamba hawana ndugu, watafutiwe nafasi katika nyumba ya yatima kule mbali. Wewe peke yako ulikataa. Ulisema, "Hawa hawakukosa ndugu. Ndugu zao wana heshima iliyozidi."

Mimi sikukuelewa, na kusema kweli hakuna aliyekuelewa.

Ndipo nikakumbuka kozi yetu, sisi wasaidizi wa kwanza wa ustawi wa jamii kutoka pande hizi. Mwalimu wetu, yule mama wa Kizungu aliyependa kufuta miwani, alitufundisha habari za miji ya kwao, viwanda, ulevi, watoto wanaoiba mikate. Ukanyoosha mkono: "Mama, kabla ya kumuuliza mtu ana shida gani, tusiulize kwanza yeye ni wa nani?" Akasema hayo ni ya wataalamu wanaochunguza makabila, wao wana elimu yao, sisi tumeitwa kusaidia. Ukamjibu kwa adabu yako yote ya milimani, "Basi wao wameshika mpini na sisi tumeshika jembe. Nani atalima?" Darasa zima tulicheka. Yeye hakucheka. Aliifuta miwani muda mrefu kidogo, kisha akaendelea na viwanda.

Ulipanga kwenda Ihanda mvua zikipungua, halafu uvuke mpaka. Homa ikakuwahi. Watoto nao wakachukuliwa juma lile lile tulilokuwa msibani kwako, na hilo linaniuma mpaka leo.

Nikaenda badala yako. Ihanda nilimkuta baba yao mkubwa akipalilia mahindi. Alinikaribisha, tukala, ndipo akasema, "Mwanangu, kwa yule mwanamke ng'ombe wa mahari hawakutoka. Kwao hawadai ng'ombe. Mtoto asiyetolewa ng'ombe ni wa wajomba. Nikienda kumchukua, si nitakuwa nimewapora wao?" Nikavuka. Mjomba wao, Chanda, anafuma mikeka upande wa pili, mwendo mfupi tu kutoka mpakani. Naye akaniambia kwa heshima ya Kibemba, "Mukwai, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Lakini hawa wamezaliwa katika nyumba ya baba yao, katika nchi inayofuata baba. Ningekwenda kudai, wangeniona mwizi."

Umeona, Elia? Kila upande ulikaa kimya ukimstahi mwenzake. Kila mmoja alisubiri kuulizwa, na sisi tuliolipwa kuuliza tulingoja mlangoni waje wenyewe. Ulilijua hili bila kufika kokote, kwa sababu ulijua Wabemba wanahesabu ukoo namna gani na Wanyiha namna gani, ukaweka vyote mezani pamoja na wale watoto. Hiyo ndiyo elimu uliyokuwa ukiiomba darasani.

Niliwakalisha pamoja, baba mkubwa na mjomba. Haikuchukua hata nusu siku. Wakakubaliana watoto wakae kwa Chanda, na mavuno yakiisha waende Ihanda kuwaamkia wazee. Kwa upole walivyozungumza, nilitoka nje nikalia.

Lakini tulichelewa. Petro alirudi, anachunga mbuzi wa mjomba wake na ameanza kunenepa. Eda hakurudi. Alikuwa mdogo mno alipoondoka, na kule amempata mama mlezi anayempenda kweli. Tulipofika alijificha nyuma ya sketi ya yule mama. Chanda alichutama, akamsemesha Kibemba taratibu, akamwambia yeye ni bayama wake, kaka wa mama yake. Mtoto akauliza kwa Kiswahili, "Huyu mtu anataka nini?" Tukakubaliana asing'olewe mara ya pili. Nadhani ni sawa. Sina hakika, na ningetoa chochote nikuulize wewe.

Sasa wameniita nifundishe katika kozi mpya. Yule mama wa miwani mwenyewe ndiye aliyelitaja jina langu, na ameniuliza somo la kwanza liwe lipi. Nimemwambia tuanze na ukoo, ndoa na malezi ya watu wa kila upande wa mpaka, ndipo tuje kwenye misaada. Safari hii amekubali. Nilitamani sana awe anakwambia wewe, si mimi.

Pumzika, mtu wa milimani. Mama yako nitaendelea kumtembelea, usiwe na wasiwasi naye. Na hili nakuahidi: kila kiangazi nitafuatana na Chanda kwenda kumwona Eda. Hatutamdai. Tutakaa naye, tumweleze yeye ni wa nani kwa baba na kwa mama, tena na tena, mpaka siku atakapomwita bayama kwa hiari yake. Na asipomwita, tutakwenda vivyo hivyo, asije siku moja akaambiwa kwamba hakuna aliyekuja kumuulizia.

Ndugu yako,
Yesaya