Eti Corinne Kamwambia Mwenyewe

Rhonda, shoga yangu, uko? Niko kwenye gari nje ya shule na Corinne. Hata gari sijaliwasha.

Kile kikao cha malalamiko yangu kuhusu darasa la Corinne kimeisha sasa hivi. Unamjua Hensley, yule mkuu wa elimu maalumu wa wilaya? Kanikazia macho, kasema, "Mama Corinne, tusigombane bure. Corinne mwenyewe ameniambia analipenda darasa lake."

AMENIAMBIA.

Rhonda, mwanangu hajatamka neno tangu azaliwe!

Nikamuuliza, "Amekuambia kwa mdomo upi, bwana?" Wakili wao wa wilaya akajikoholesha, akasema naona mama ana jazba, tupumzike kidogo.

Ndipo mwalimu wa Corinne, yule binti mgeni Tierney, akaangua kilio. Kumbe kile kishikwambi anachosemea Corinne wamekifungia kabatini tangu shule ifunguliwe. Eti kinapiga kelele, kinasumbua wenzake.

Muda wote huo, shoga! Wamemziba mtoto mdomo, halafu wanamsemea!

Hensley kanifuata hadi mlangoni: "Sote tuko upande mmoja." Upande gani? Nimemwambia kesho nawashtaki kwa wakubwa wao wa elimu jimboni.

Nimempigia Dale, anasema mji wenyewe mdogo huu, mke wangu, tutachukiwa. Watuchukie!

Kishikwambi Tierney kanitolea kabatini, nimekichomeka kwenye chaji ya gari, nikampa Corinne huko nyuma. Anabonyeza neno moja tu, halafu anabonyeza tena, na ile sauti ya mashine inasema: "Nyumbani. Nyumbani. Nyumbani."