Gitaa la Kaka Liko Kushoto

Karakana ya Mabati na Mageti,
Ofisi ya nyuma,
S.L.P. 417.

Jumatano, 12 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kinanda,

Sikio langu la kushoto limekufa. Daktari anasema lilikata roho kama miaka miwili iliyopita. Mimi mwenye sikio nimepata habari za msiba Jumatatu tarehe 3, saa nne na robo asubuhi. Nimeona nianze na hilo, maana ukisoma salamu kwanza utadhani mambo ni mazuri.

Haya, sasa tusalimiane. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Wale pacha wamepona vifua? Sisi huku tunasukuma siku. Mama ni mzima; goti linamsumbua kila akipanda ngazi, ulimi haumsumbui kamwe. Mimi nimechoka, mdogo wangu. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Ni ule unaoamka nao, mkavaa viatu pamoja.

Orodha yako ya nyimbo saba niliipata, ile uliyoipitisha kwa Mama kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani aliyegombana naye. Juu umeandika, "Roki ya progresivu kwa mtu aliyezoea dethi metali." Miezi kumi na tisa hatuzungumzi, halafu unaniletea somo! Hata hivyo nilisikiliza. Zote saba, ndefu na zenye kona nyingi, saa moja na dakika arobaini na sita kwa jumla, hedifoni juu ya kofia ya kazi, huku napima mabati.

Nikuambie ukweli, mimi mpiga ngoma wenu wa zamani. Kumwanzisha mtu wa dethi metali, muziki wetu wa kunguruma, kwa wimbo wako wa kwanza ni kosa. Dakika ishirini na mbili, na ngoma zinaingia dakika ya sita! Mtu aliyezoea kupigwa kofi mlangoni hawezi kukaa sebuleni dakika sita akingojea mwenyeji atoke chumbani. Aanze na wa tano. Gitaa zito kama geti la ghala, wanahesabu mapigo saba, saba, saba, halafu tano, na yule mwimbaji, ingawa hangurumi, anaimba kama mtu aliyenyimwa haki yake. Akishameza huo, mpe wa pili, kisha ule wa filimbi. Wa kwanza uwe wa mwisho, akishakomaa.

Mpangilio huo nimeujaribu kwa Mpakarangi wetu hapa, yule ambaye wimbo usiponguruma anasema ni tangazo la sabuni. Alibaki ameshika brashi hewani mpaka rangi ikamdondokea kiatuni. "Bosi," akasema, "hawa watu wakikosea wanarudia kosa lilelile mara tatu, mpaka mtu unaamini walikusudia." Tangu siku hiyo ananidai wa filimbi.

Tabu ilikuwa ule wa pili. Pembeni uliandika, "Dada, sikiliza kinanda na gitaa vinavyogombana." Nikasikiliza mara nne. Gitaa nililisikia: linauliza, linanyamaza, linauliza tena, hakuna wa kulijibu. Kinanda sikukisikia. Nikasema moyoni, kazi ya redio imemharibu mdogo wangu, anasikia vyombo visivyokuwepo. Nilishashika kalamu nikutukane kidogo.

Jumatatu hiyo ya tarehe 3 nilivua hedifoni nimsikilize mteja wa geti, kisha nikazivaa tena harakaharaka. Mpakarangi akacheka. "Bosi, umevaa kinyume! Kulia kumehamia kushoto." Nikainua mkono nizigeuze, nikaushusha. Kinanda kilikuwepo. Kilikuwa kinajibu, kinabisha, kinamkatiza mwenzake. Na gitaa halikuwepo. Nikageuza: gitaa, bila kinanda. Nikageuza tena: kinanda, bila gitaa. Mara nne. Nikakaa juu ya rundo la mabomba.

Unaona kwa nini sikujua? Katika dethi metali zangu magitaa mawili yanapiga kitu kilekile, moja kila upande, kama walinzi wawili wa geti moja. Mmoja akisinzia hujui. Nyimbo zako ndizo zinazogawana kazi. Kazini nako mafundi walishaanza kunong'ona kwamba nina majivuno, kwamba anayenisalimia akiwa upande wa kushoto simwitikii. Miaka kumi na minane ya grenda ya kukatia chuma, kelele yote ikimiminika upande uleule. Vizibo vya masikio sikuweka, kwa kuwa nilipoanza nilikuwa peke yangu na nyundo moja, na ilikuwa lazima nimsikie mteja akipiga hodi. Karakana hii nimeijenga kwa sikio hilo.

Kilichofuata unaweza kukikisia. Nikaitafuta kanda yetu, ile tuliyorekodi sisi watatu chumbani kwa Kaka alipokuwa hai, yeye gitaa, wewe kinanda, mimi ngoma. Wewe ndiye uliyeichukua ukaisafisha kwa mitambo yako, ukanitumia kwenye simu. Nami niliisikiliza kwa hedifoni, peke yangu, kwa sababu sikutaka kumgawia mtu Kaka. Nikasikia kinanda chako na ngoma zangu, basi. Nikakuandikia, "Umemfuta Kaka ukajibakiza wewe." Maneno manne. Ukanijibu moja: "Sawa."

Safari hii niliisikiliza hedifoni zikiwa kinyume. Kaka alikuwepo, mdogo wangu. Tangu sekunde ya kwanza. Hata mkwaruzo wa kidole chake kwenye uzi ule mnene umo.

Nilikosea. Neno hilo siliandiki mara nyingi, kwa hiyo liweke mahali pazuri.

Lakini na mimi nina neno nawe. Wewe ni fundi mitambo wa redio. Kutwa nzima kazi yako ni kupanga nani asikike kushoto, nani kulia. Ulishindwaje kuniuliza hata mara moja, "Dada, unasikiliza kwa sikio gani?" Ulijua gitaa liko wapi. Ukachagua kununa. Miezi kumi na tisa, Kinanda, nimemlilia Kaka mara ya pili, na dawa yake ilikuwa swali moja lako.

Ijumaa daktari wa masikio alinifungia ndani ya kijichumba, akanipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Kulia milio ishirini, nikapata kumi na mitatu. Kushoto ishirini, nikapata miwili, na mmoja anasema nilibahatisha. Hilo la kulia nalo ameniambia bila kupepesa: nikiendelea na grenda, miaka miwili. Nikiacha, huenda likasimama hapo lilipo, hana hakika. Grenda nimemkabidhi fundi mkuu. Mkono wangu bado unaitafuta kila asubuhi.

Fundi simu amenionyesha mahali pa kubonyeza ili pande zote mbili ziingie sikio moja. Sasa nawasikia nyote wawili. Ndipo nikafika mwisho wa kanda. Dakika ya tisa na sekunde arobaini tunavurugika. Miaka yote nimewaambia watu ni kinanda chako. Ni mimi. Niliingia mapigo mawili kabla ya wakati. Tunasimama, halafu Kaka, ambaye upande wake ni ule wa kushoto, anacheka na kusema, "We Bati, unakimbia wapi? Turudie." Kanda inakatika hapo.

Hatukurudia.

Ngoma nimezitoa stoo, nimebadilisha ngozi mbili, nafanya mazoezi mchana mafundi wakienda kula. Gitaa la Kaka tunalo kwenye kanda. Tupige juu yake, mimi na wewe, tuumalize wimbo ningali naweza kuwasikia nyote wawili.

Msalimie wifi yangu, waambie pacha shangazi yao anawakumbatia. Mama anakusalimu, anasema orodha nyingine hapeleki, yeye si posta. Mpakarangi naye anakusalimu, ingawa hamjuani. Mungu akulinde, akuhifadhie masikio yako yote mawili.

Sasa nijibu. Unakuja au huji? "Tutaona" sitaki, na ile "sawa" yako sitaki hata kuisikia. Jumamosi tarehe 29, saa saba kamili mchana, nitazima mashine zote hapa karakana nikae karibu na simu. Piga, useme ndiyo au hapana. Sema kwa sauti. Nitaiweka sikio la kulia.

Dada yako akupendaye, hata alipokuwa hakusikii,

Bati