Amejificha Mgongoni

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza kushona sketi mbili za shule kabla ya saa nne. Matone ya damu bado, siku ya tano. Nimefunga kibanda hapa Majengo, nimepanda bodaboda mpaka hospitali. Ultrasaundi. Mimba ni ya wiki tisa, kifuko cha wiki sita. Mapigo hayaonekani. Daktari kaniuliza tarehe mara tatu kama vile nadanganya. Eti huenda nimekosea, nirudi baada ya siku kumi. Sijakosea. Mimi huandika kila kitu.

Jumanne, 4 Machi
Mume wangu Jofrey kampigia mama yake kule Mishamo, kamweleza yote. Nilimwambia asiseme! Mimba changa haitangazwi. Mdomo hauna kufuli.

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe kafika na maharage na chupa ya mizizi. Kanipapasa kiuno. Kasema mtoto hajafa, amejificha mgongoni, akitulizwa atarudi mwenyewe. Nisiiname. Nisikanyage cherehani. Upuuzi. Mizizi nimekataa.
Lakini nimelala ubavu, nisimbane.

Jumamosi, 8 Machi
Nimenunua kipimo cha mkojo. Mistari miwili, yote imekolea. Mama mkwe kapiga vigelegele uani, majirani wote wamesikia. Nimemchukia. Nimefurahi pia, dakika kama tano. Kisha nimempigia nesi. Kasema kipimo huonyesha hivyo hata mimba ikishaacha kukua. Sasa kinapima nini?

Jumatano, 12 Machi
Matone yamekoma. Sijui kama ni heri au shari. Jirani kaja kunipongeza. Nimesema asante. Ningesema nini?

Alhamisi, 13 Machi
Kifuko kilekile. Daktari mwingine, mpole. Hakuna mapigo, hakuna shaka tena. Nisubiri itoke yenyewe au nimeze vidonge. Jofrey anaangalia viatu vyake. Nimechagua vidonge. Nimechoka kusubiri.

Ijumaa, 14 Machi
Imetoka. Kuanzia saa sita mchana mpaka jioni. Sikujua inauma hivi. Mama mkwe kanishika kiuno, kachemsha maji, kafua khanga. Nimelia kwa sauti. Majirani potelea mbali.

Jumapili, 23 Machi
Juzi nilipimwa, kizazi kisafi. Kesho mama mkwe anarudi Mishamo.
Leo tumekaa uani tunachambua maharage. Nimemuuliza nani alimfundisha mambo ya mgongoni. Nilitaka kumsuta, nakiri. Kasema aliambiwa yeye mwenyewe, kabla hajampata Jofrey. Damu kidogo, tumbo likashuka, wakubwa wakamwambia mtoto amejificha, asubiri.
"Walisema mpaka lini?"
"Hawakusema." Akatupa punje mbovu. "Mimi hakuna aliyenipima, mwanangu. Wangu bado yupo huko."
Nikamwambia, "Pole, mama." Akaitikia, "Nimeshapoa," kisha akalia. Tumemaliza maharage saa tisa.